UZI: Kabla hujahesabu kamera za CCTV ya nyumbani, chagua kwanza DVR na diski

fundi_wa_waya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kufunga kamera majumbani hapa Dar, na simu ninazopigiwa zinafanana: "Fundi, nataka kamera nne, shilingi ngapi?" Kuhusu DVR haniulizi mtu. Mteja atazunguka Kariakoo nusu siku akilinganisha kamera, atabishana juu ya taa ya usiku na umbo lake, halafu kile kiboksi kinachorekodi anachukua chochote ambacho muuzaji amekiweka kwenye seti. Siku mambo yakiharibika, hataulizwa kamera ina megapikseli ngapi. Ataulizwa kama ana video ya Jumanne iliyopita saa nane usiku. Hapo ndipo DVR na diski vinapotoa jibu, kamera imeshamaliza kazi yake zamani.

Nitaandika namna ninavyochagua mimi. Mwenye swali atupie hapo chini, na mafundi wenzangu karibuni mkosoe.

Naanza na diski kwa sababu ndiko watu wanakoumia zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde inakula GB 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli 2 ikiachwa kwenye mfumo wa zamani wa kubana video, yaani H.264, mara nyingi utaikuta imepangwa megabiti 4. Hiyo ni zaidi ya GB 43 kwa siku kwa kamera moja, na kamera nne ni karibu GB 173. Diski ya TB 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha, na ikishajaa DVR inaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake bila kukuuliza. Kamera hizohizo ukizihamishia H.265 na kuzishusha hadi megabiti 2, picha inabaki karibu ileile, ila sasa diski ileile inakupa siku kumi na moja. Kwa hiyo DVR isiyo na H.265 usiichukue hata kama imepunguzwa bei. Mfumo huo upo tangu 2013, hakuna sababu ya kuuziwa mashine isiyoujua.

Siku ngapi zinatosha? Namba ya dukani iache hukohuko dukani. Hesabu kipindi kirefu zaidi ambacho nyumba inakaa bila wewe. Kama kila Desemba unafunga nyumba Tabata unaenda Moshi au Bukoba wiki tatu, siku sita za kurekodi ni sawa na kutorekodi. Mwizi akiingia tarehe 23, ukirudi tarehe 8 Januari video yake imeshafutwa siku nyingi. Kwa kamera nne za megabiti 2, TB 2 inakupa siku 23. Mimi ningeenda TB 4 nilale usingizi. Ila kabla ya kununua soma DVR yenyewe inakubali diski ya ukubwa gani, maana nyingi za chaneli nne, yaani za kamera nne, zina nafasi ya diski moja tu na kila modeli ina kikomo chake.

Aina ya diski: kuna zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii, kama WD Purple, Seagate SkyHawk na Toshiba S300. Hizi zimeundwa kuandika mchana na usiku bila kupumzika. Diski ya kompyuta ya mezani itawaka na itarekodi, lakini haikuundiwa mkesha huo.

Sasa hapa naomba msome taratibu. Sokoni kuna diski zilizokwisha kutumika, zikafutwa, zikabandikwa lebo mpya na kufungwa kwenye nailoni mpya. Kwa macho huwezi kuzijua. Kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aichomeke kwenye DVR palepale, ingia kwenye menyu ya diski, fungua ukurasa wa afya ya diski ulioandikwa S.M.A.R.T., tafuta mstari wa Power-On Hours. Hizo ni saa ambazo diski imekaa ikiwa imewashwa. Mpya inasoma sifuri au saa chache za majaribio. Ukikuta 26,000, ujue imeshakesha karibu miaka mitatu kwa mtu mwingine. Wapo wajanja wanaoirudisha namba hiyo sifuri, kwa hiyo chukua pia namba ya utambulisho wa diski (serial number) iliyo kwenye lebo uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti inasemaje. Muuzaji anayekataa kuichomeka diski mbele yako, muage kwa heshima uende duka la pili.

Jambo la pili ni ubora ambao DVR inarekodi, kwa kuwa unaweza ukawa chini ya ule wa kamera uliyolipia. Kwenye maboksi ya DVR za bei ya chini pameandikwa 1080p kwa herufi kubwa, halafu pembeni kwa herufi ndogo kuna neno Lite au herufi N. Picha kamili ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Ya 1080N ina 960 kwa upana. DVR inatupa nusu ya upana, kisha wakati wa kuangalia inaivuta picha ijae kioo. Mtu akitembea uani hutaona tofauti yoyote. Lakini isimamishe video ya getini ujaribu kusoma namba ya gari lililopita usiku: T, tarakimu tatu, herufi tatu. 8 na B zinakuwa kitu kimoja, D na 0 vilevile, na ushahidi wako unabakia "gari jeupe".

Jaribu hivi dukani: ingia kwenye ukurasa wa kurekodi, weka chaneli ya kwanza 1080p kamili, kisha ya pili, mpaka zote, hifadhi, toka, rudi uangalie. Kuna DVR zinazokubali ubora wa juu kwenye chaneli ya kwanza peke yake, nyingine zinashuka zenyewe. Fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde, zisikusumbue sana. Kumi na mbili hadi kumi na tano kwa sekunde zinatosha nyumba ya kuishi.

La tatu ni saa. DVR nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye ukanda wa China, GMT+8, sisi tuko GMT+3. Zikiunganishwa na intaneti zinajirekebisha saa kwa ukanda huohuo wa China, zinakuwa mbele saa tano. Tukio la saa nane usiku linasomeka 07:00, yaani saa moja asubuhi, wakati watoto wanaenda shule. Unatafuta video ya usiku huioni, na ukiipata mtu mwingine ataikataa. Badilisheni ukanda siku ya kwanza, na ule mpangilio wa kubadilisha saa kwa majira uzimeni, huku kwetu hauna kazi.

Mengine tutaenda nayo kwenye maswali.

---

mjenzi_kigamboni

Mkuu shukrani sana, huu uzi umekuja wakati wake. Mimi bado najenga, nyumba iko kwenye renta, plasta haijapigwa. Fundi wangu anasema niachane na DVR nichukue NVR, kile kinasa cha kamera za mtandao, na kamera zenyewe za IP. Mwingine kaniambia hiyo ni kupoteza hela. Nimfuate nani?

fundi_wa_waya

Kaka, kwa nyumba ambayo haijapigwa plasta nakubaliana na fundi wako. Tofauti kubwa iko kwenye waya. DVR inatumia waya wa koaksi wenye kichwa cha BNC, na kila kamera inahitaji umeme wake wa volti 12 upelekwe pembeni. NVR inatumia waya wa mtandao, Cat6, na waya huohuo mmoja unabeba picha, sauti na umeme. Ukipitisha Cat6 kwenye paipu sasa hivi, kesho ukitaka kubadilisha kamera au kuweka kengele ya geti, waya upo. Kikomo chake ni mita 100 kutoka NVR au swichi hadi kamera. Kwa kiwanja cha kawaida Kigamboni hufiki huko.

Ila waya wenyewe uwe shaba tupu. Soko limejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa wembe: shaba inabaki nyekundu, aluminiamu inatokeza nyeupe. Huo mweupe ukiupitishia umeme wa kamera kwa mita sitini, usiku taa za kamera zikiwaka inazima na kuwaka mpaka asubuhi, na fundi atakuambia kamera ni mbovu.

Kwenye NVR yenyewe angalia vitu viwili ambavyo havipo kwenye DVR. Cha kwanza ni uwezo wa kupokea data, umeandikwa kwenye karatasi ya vipimo, mfano Mbps (megabiti kwa sekunde) 40 au 80. NVR ya chaneli nane yenye Mbps 40 haiwezi kubeba kamera nane za megabiti 6, hizo ni 48. Itakubali sita, ya saba itaanza kukatakata. Cha pili ni jumla ya umeme wa PoE, ule unaopita kwenye waya wa mtandao, inayoweza kugawa. Tundu moja la kawaida linatoa hadi wati 15.4, lakini kifaa kizima kina kikomo chake, na matundu nane hayamaanishi nane mara 15.4.

Na kama kamera ni za kampuni nyingine, hakikisha pande zote mbili zinaandika ONVIF. Ni makubaliano ya watengenezaji tangu 2008 ili vifaa vyao vielewane. Picha zitakuja, ila vile vipengele vya akili vya kutofautisha mtu na paka mara nyingi vinabaki kwa kampuni moja na vifaa vyake.

---

mama_wa_nyali

Hongera kwa maelezo, nimeyasoma yote. Mimi niko Mombasa. Nyumba ya jirani yangu wezi waliingia wakachukua TV, na wakabeba na DVR yenyewe, ilikuwa imewekwa hapo hapo chini ya TV. Kwa hivyo kamera zilikuwepo na ushahidi haukuwepo. Nifiche wapi yangu? Halafu stima kwetu ikipotea usiku inaweza kukaa hadi asubuhi.

fundi_wa_waya

Pole kwa jirani, mama. Hilo la DVR chini ya TV nalikuta kila mahali, na sababu yake ni kwamba fundi anataka waya wa HDMI uwe mfupi. Mwizi mzoefu anajua, anakuja moja kwa moja hapo. DVR haihitaji kukaa karibu na TV. Ukitaka kuangalia, tumia simu, au mwambie fundi apitishe HDMI ndefu ukutani.

Sehemu nzuri ni stoo ya ndani, juu ya kabati la chumba cha kulala, au sanduku la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani kwa boliti. Lakini hilo sanduku liwe na matundu ya hewa, na matundu yazibwe kwa wavu laini. Ndani ya DVR kuna joto la kudumu, na mende na mijusi wanalipenda joto hilo kupita kiasi. Wanapita kwenye matundu ya pembeni, wanataga mayai, wanakojoa juu ya bodi. Nikifungua DVR iliyokufa, mara nyingi bodi ina madoa meupe na mjusi mdogo aliyekauka kati ya miguu ya chipu. Wavu wa madirisha wa kuzuia mbu unatosha kabisa.

Kwa kuwa uko Nyali, chumvi ya bahari ni adui yako wa pili. Vichwa vya BNC na vya umeme vinavyokaa nje vinashika kutu ya kijani, picha inaanza kuwa na mistari, na watu wanalaumu DVR. Kila kiungo cha nje kiingie ndani ya boksi la plastiki la kuzuia maji, kisiachwe kikining'inia nyuma ya kamera.

Stima sasa. Kamera nne zinakula kama wati 16, DVR na diski wati 15, rauta wati 10. Jumla weka 40. UPS ndogo ya kompyuta ina betri ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 (wati 84 kwa saa moja). Ukitoa kinachopotea kwenye UPS, hiyo itakusogeza kwa saa moja na kitu tu. Kufika asubuhi unahitaji inveta na betri ya Ah 100: hiyo ni Wh 1,200, ukitumia nusu yake ili betri idumu unapata Wh 600, toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama saa kumi na mbili. Rauta usiisahau kwenye mzunguko huo, la sivyo DVR inarekodi lakini simu yako haipati taarifa. Na hata kama huna hela ya betri kubwa, ile UPS ndogo inunue, maana diski inayozimwa ghafla kila mara ndiyo inayokufa kwanza.

---

mpangaji_sinza

Sisi wapangaji wa chumba na sebule tufanyeje mkuu? Siwezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba.

fundi_wa_waya

Usinunue DVR ndugu yangu, utaibeba bure ukihama. Chukua kamera ya Wi-Fi yenye kadi ya kumbukumbu ndani, zipo za Ezviz, Imou, Tapo. Hapo kinasa chako ni kadi, kwa hiyo hesabu ni ileile: kwa megabiti 2 mfululizo, kadi ya GB 128 inakupa siku kama sita. Nunua kadi za daraja la kuvumilia kuandikwa muda mrefu, zimeandikwa Endurance, kadi ya kawaida ya simu inachoka mapema. Udhaifu wake ni kwamba anayeng'oa kamera anaondoka na ushahidi, kwa hiyo iweke ndani, juu, ikitazama mlango. Dirishani usiweke: taa yake ya usiku itagonga kioo irudi, utaona weupe mtupu.

---

fundi_njiro

Mkuu mimi ni fundi mwenzako huku Arusha. Mengi nakubali, ila umewatisha watu kwa diski kubwa bila sababu. Mimi wateja wangu wote nawapangia kurekodi mwendo tu. Kamera ikiona kitu kinatembea inarekodi, kukiwa kimya haiandiki. TB 1 inaenda mwezi mzima na diski inapumzika. Kwa nini mtu alipie TB 4 kurekodi ukuta?

fundi_wa_waya

Fundi, karibu sana, na hoja yako ina wengi nyuma yake. Mimi sikubaliani nayo kwa nyumba za kuishi, nitaeleza kwa nini.

Utambuzi wa mwendo wa DVR za kawaida unaangalia pikseli zinazobadilika. Mti ukitikiswa na upepo, inarekodi. Buibui akitanda utando mbele ya lenzi, taa ya usiku inaumulika utando, inarekodi usiku kucha. Mvua ya masika ndiyo usiseme. Halafu mtu aliyevaa nguo nyeusi akiambaa na ukuta taratibu mbali na kamera, pikseli zinazobadilika ni chache, haiandiki. Mwizi mwenye subira ndiye anayekosekana kwenye diski. Na hata pale inapomkamata, inaanza akiwa ameshafika katikati ya ua, hujui alirukia upande gani.

Ninachofanya: narekodi mfululizo saa 24 kwa H.265, halafu nawasha utambuzi wa mtu na gari ufanye kazi ya kuweka alama tu. Hikvision wanaita AcuSense, Dahua wanaita SMD Plus. Video yote ipo, lakini ukitafuta unachuja upande wa mtu peke yake, DVR inakupa vipande vya usiku ule vyenye watu badala ya kukaa saa tisa ukikodoa macho. Kwangu hicho ndicho kipengele cha kisasa kinachostahili kuongezewa hela. Diski ni kitu cha kununua mara moja, bwana, na video isiyorekodiwa hakuna duka linaloiuza.

fundi_njiro

Hilo la mtu anayeambaa na ukuta nimelikuta kwa mteja mmoja, kwa hiyo sitabisha. Basi kwa wenye AcuSense na SMD nitaanza kupanga hivyo. Kwa wenye DVR za zamani nitabaki na mwendo mchana, mfululizo kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri.

Niongeze moja ambalo hujalisema: kengele ya hitilafu ya diski. DVR nyingi zina sehemu ya kuwasha mlio diski ikifa au isipoonekana. Mafundi wanaizima ili isipige kelele wakati wa kufunga, hawairudishi. Nimekuta nyumba ambayo picha za moja kwa moja zinaonekana vizuri kwenye simu, mwenyewe anafurahi, kumbe diski ilikufa miezi mingi iliyopita.

fundi_wa_waya

Hapo umesema jambo kubwa. Wakuu, kila mwisho wa wiki fungua simu, nenda kwenye marudio, cheza dakika moja ya jana usiku kwa kila kamera. Picha ya moja kwa moja haithibitishi kitu kuhusu diski. Na ratiba ya mchana na usiku aliyoitaja fundi ni nzuri kwa mwenye mashine ya zamani, niko naye.

---

kijana_muscat

Salaam ndugu zangu. Mimi niko Muscat kikazi, wazee wako Tanga. Nataka niwafungie kamera nami niwe naona kutoka huku. Fundi wa Tanga anataka afungue tundu la intaneti (port) kwenye rauta ili niingie moja kwa moja kwa anwani ya IP. Je ni salama? Na bando la wazee litaisha?

fundi_wa_waya

Wa alaykum salaam. Mwambie asifungue tundu lolote. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilienea kwa kutafuta DVR, kamera na rauta zilizo wazi kwenye intaneti zikiwa bado na neno la siri la kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vya watu majumbani vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye hizo DVR hawakujua chochote. Halafu mara nyingi intaneti ya simu haikupi anwani yako mwenyewe, mnachangia wengi anwani moja, kwa hiyo hilo tundu huenda lisifanye kazi kabisa.

Tumia njia ya kuskani msimbo wa QR wa kifaa kwa programu ya mtengenezaji, Hik-Connect au DMSS au inayokuja na DVR yako. Akaunti ifunguliwe kwa namba au barua pepe yako, fundi asiweke yake. Nimekuta watu wengi ambao fundi aliyehama mji ndiye mwenye akaunti, na bado anaiona sebule yao. Ukishakabidhiwa, badilisha neno la siri la DVR, andika mahali, na sasisha programu yake ya ndani. Mwaka 2021 vifaa vingi vya Hikvision vilikutwa na tundu la kuingilia bila neno la siri, wakatoa marekebisho, lakini ambaye hakusasisha bado yuko wazi.

Bando: kurekodi hakuli intaneti, diski iko nyumbani. Kinachokula ni pale unapoangalia. DVR nzuri inatoa mikondo miwili ya picha, mkubwa wa kwenye diski na mdogo wa simu. Mkondo mdogo wa kilobiti 512 ni kama MB 230 kwa saa kwa kamera moja. Ukiangalia kamera zote nne kwa saa nzima, karibu GB 1 imekwenda. Mkubwa ufungue pale tu unapotaka kuona sura.

Saa ya DVR ibaki ya Tanga, GMT+3. Muscat mko mbele saa moja, usije ukairekebisha kwa simu yako ukavuruga tarehe za video.

Na jingine kaka: wazee waambie kamera zinaona wapi, na dada wa kazi naye aambiwe. Kamera ya ndani yenye sauti sipendi kuifunga bila watu wa nyumba kujua. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019, na hata bila sheria, mtu anayeishi humo ana haki ya kujua. Kamera za nje zielekezwe kwenye eneo lako. DVR nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa rangi nyeusi, itumie kufunika dirisha la jirani.

---

mama_wa_nyali

Swali la mwisho jamani. Nikishapata video ya mwizi, naitoaje niipeleke polisi? Jirani mwingine alipiga picha kioo cha TV kwa simu.

fundi_wa_waya

Hapana mama, video ya kioo inapoteza kila kitu. Chukua flashi, ifomati kwa FAT32, DVR nyingi hazisomi aina nyingine. Chomeka, nenda kwenye kunakili, chagua kamera na muda. Anza dakika kumi kabla ya tukio na umalize dakika kumi baada yake. Kama inakupa chaguo la aina ya faili, toa mara mbili: MP4 ambayo kila simu inacheza, na ile asili ya kampuni pamoja na programu yake ya kuchezea. Kwa Dahua faili asili inaishia na .dav. MP4 ni ya kuonyesha, asili ni ya kulinda ukweli wa video.

Usiikate, usiweke maandishi, usiipeleke kwa WhatsApp kama video ya kawaida kwa sababu inabanwa upya. Ikibidi, itume kama dokumenti. Andika kwenye karatasi saa inayoonyeshwa na DVR na saa halisi ya simu kwa wakati uleule, ili tofauti ijulikane. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama iangalie namna rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha mhusika wa kifaa. Kwa hiyo anayenakili awe mtu mmoja anayeweza kusimama aeleze alichofanya. DVR yenyewe isiendelee kurekodi juu ya siku ile: ukiona kesi ni nzito, toa diski uiweke kabatini, ununue nyingine.

---

mjenzi_kigamboni

Mkuu nimerudi dukani leo. NVR niliyoipenda ni ya chaneli nane, PoE nane, wameandika Mbps 80, diski moja hadi TB 8, H.265. Muuzaji ananiambia nichukue ya 4K yenye chaneli nne kwa bei karibu hiyohiyo. Kamera nitakazoanza nazo ni tano.

fundi_wa_waya

Chukua ya nane. Kamera tano kwenye chaneli nne haziingii, na nyumba ikishahamiwa utataka ya sita upande wa tangi la maji. Kamera nane za megapikseli 4 kwa megabiti 4 ni Mbps 32 tu, hiyo 80 inakutosha na kubaki. Uliza jumla ya umeme wa PoE kabla ya kulipa, kwa kamera tano za kawaida wati 60 zitakutosha. Diski inunue kando, TB 4, usikubali ile iliyokwisha kufungwa ndani mpaka uone saa zake. Ukishaichomeka, piga picha ukurasa wa S.M.A.R.T. uuweke hapa tuusome pamoja.